Mita 60 za Ukingo: Nani Alipe Gharama ya Kurudisha Uhai wa Vijito Vyetu?



Mkoa wetu wa Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua. Huanza kati ya Novemba na Desemba, hukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei, na kwa sehemu kubwa ya mkoa wastani wake kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 800. Miezi inayobaki tunaishi kwa akiba: akiba ya ghalani, na akiba ya maji yaliyojificha ardhini. Ya ghalani tunaijua, tunaihesabu na kuitolea mahubiri. Hii ya pili inapungua mbele ya macho yetu, na mahali inapopungulia hasa ni kando ya vijito vyetu, ndani ya mashamba ya watu.

Mito yetu mingi si mito ya kutiririka mwaka mzima. Ni makorongo ya mchanga, yanayojaa kwa saa chache baada ya mvua na kisha kukauka juu, huku chini ya mchanga maji yakibaki kwa miezi kadhaa. Akina mama wanaofukua visima vya mchangani mwezi Septemba wanalijua jambo hili kuliko mtaalamu yeyote. Lakini mchanga huhifadhi maji ukiwa safi tu, na husafika ukingo unapokuwa na miti na majani. Mizizi huushika udongo wa shamba usiporomoke, majani makavu na nyasi hupunguza kasi ya maji yanayoshuka, nayo ardhi hupata muda wa kunywa. Ukingo ukifyekwa na kulimwa hadi mwisho, mvua ya kwanza hubeba udongo mwembamba na kuuziba mchanga kama mtu azibaye chujio kwa matope. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, chasimulia jinsi Wafilisti walivyovifukia kwa udongo visima vilivyochimbwa siku za Abrahamu, hata Isaka akalazimika kuvichimbua upya. Sisi hatukuhitaji Wafilisti.

Madhara yake hayaishii kijijini. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati ina makao yake hapahapa Singida, nalo jina la bonde lenyewe lafaa kutufundisha: ni maji yasiyofika baharini. Maji ya Wembere huingia Ziwa Kitangiri, kisha kwa mto Sibiti huenda Ziwa Eyasi, na huko safari yake huisha. Udongo unaotoka katika mashamba ya upande huo haupotelei mbali. Unabaki katika maziwa na mbuga zetu wenyewe. Upande wa kusini, wilayani Manyoni, maji ya mto Kizigo huelekea Bwawa la Mtera na kuingia katika mfumo wa Rufiji, ambako leo taifa linazalisha umeme katika Bwawa la Julius Nyerere. Korongo lililo nyuma ya kigango limeunganishwa na taa za miji ambayo wengi wetu hatujawahi kuitembelea.

Kwa nini basi kingo zimefyekwa? Ni rahisi kusema tamaa, na tamaa ipo. Mkaa una soko, na mchanga wa ujenzi una malori yanayosubiri. Lakini sababu kubwa zaidi ni ya unyonge. Katika mkoa mkavu, ukingo wa kijito ndiyo ardhi pekee yenye unyevu mvua zinapokatika mapema. Vitunguu, ambavyo vimeipatia Singida jina, vinahitaji maji ya karibu. Alizeti nayo imepanua mashamba kila upande, na mwenye shamba dogo hana pa kupanulia isipokuwa kuelekea kijitoni. Anayelima ukingo mara nyingi ndiye aliyebanwa zaidi.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imekataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya eneo hilo. Kusudi lake ni jema na lina msingi wa kitaalamu. Hata hivyo nawasihi wasomaji tufanye hesabu kidogo. Familia yenye shamba la ekari 4, ambalo upande wake mmoja wa mita 150 unapakana na kijito, ikiacha mita 60 imeacha mita za mraba 9,000, yaani zaidi kidogo ya ekari 2. Ni nusu ya shamba. Jirani yake mwenye ekari 40 mlimani haachi hata hatua moja, ingawa maji yanayokata ukingo yanashuka kutoka kwake. Mzee mmoja aliniambia baada ya Misa kigangoni, kwa utulivu kabisa: “Baba Paroko, sheria imeniambia nisilime pale. Haijaniambia nile nini.”

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kwamba bango lililosimikwa kando ya mto ni jibu. Matokeo ya sheria inayomdai mmoja kwa faida ya wote tunayaona: inatiiwa wiki ambayo ofisa amepita, na inasahaulika mvua zikianza.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu mali yanatusaidia hapa, tukiyachukua yote mawili kwa pamoja. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika sehemu ya pili ya Summa yake, anatetea umiliki binafsi kwa sababu ya kibinadamu kabisa: mtu huangalia zaidi kilicho chake kuliko kilicho cha wote. Papo hapo anaongeza kwamba katika matumizi mwenye mali hana budi kuiona kama ya wote, awe tayari kumshirikisha mwenye shida. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliliendeleza fundisho hilo kwa kusema kwamba kila mali ya binafsi imewekewa rehani kwa jamii. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wa Laudato Si' wa tarehe 24 Mei 2015, alilirudia katika aya ya 93, akiwa tayari amefundisha katika aya ya 30 kwamba maji safi ni haki ya msingi ya kila mtu.

Katika nchi yetu fundisho hili lina sura ya pekee, kwa kuwa kisheria ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Mwananchi ana hakimiliki ya kuitumia, nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiheshimu hakimiliki ya kimila sawa na ile ya hati. Kwa hiyo yule mzee anaposema “shamba langu” anasema kweli. Na mama anayechota maji kilomita mbili chini yake anaposema “maji yetu” naye anasema kweli. Hakuna kati yao anayepaswa kunyamazishwa ili mwingine apate haki yake.

Majirani zetu wameshajaribu njia mbalimbali, na inafaa tujifunze kwao kabla ya kubuni zetu. Upande wa mashariki, Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibiwa na mmomonyoko. Uoto ulirudi; asiyekubali hilo na aende akaone. Lakini ulirudi kwa amri, na ng'ombe waliotolewa hawakuyeyuka, walihamia kwa wengine. Upande wa kaskazini magharibi, Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulichagua njia nyingine. Uliwauliza Wasukuma wana desturi gani ya kuhifadhi malisho, nao wakataja ngitili: kipande cha ardhi kinachofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vikue, kisha kufunguliwa kwa utaratibu wakati wa kiangazi. Hesabu iliyofanyika mwaka 2003 katika vijiji 172 ilikuta ngitili zaidi ya 18,000, na kati ya hizo zilizokuwa za jumuiya hazikufika 300. Nyingine zote zilikuwa za familia. Mkoa uliokuwa ukitajwa kama jangwa ulirudisha uoto kwa sehemu kubwa mikononi mwa wenye mashamba, kwa sababu nyasi, kuni na nguzo zilizoota zilikuwa zao. Mtakatifu Thoma angetabasamu.

Nasi tuna la kwetu la kujivunia. Msitu wa Mgori, katika Wilaya ya Singida, wenye zaidi ya hekta 40,000, ulikabidhiwa katikati ya miaka ya 1990 mikononi mwa vijiji vitano vinavyouzunguka, vikawa miongoni mwa vijiji vya kwanza nchini kusimamia msitu wao wenyewe kwa sheria ndogo na walinzi wao. Tofauti ni kwamba Mgori ni msitu wa pamoja. Kingo za vijito zimekatwakatwa katika mashamba ya mamia ya watu, na mkutano wa kijiji hauwezi kuzilinda kama unavyolinda msitu mmoja.

Karibu zaidi na tatizo letu ni lililofanyika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliwaunganisha wakulima wa Kibungo, walio juu katika chanzo cha mto Ruvu, na watumiaji wakubwa wa maji walio chini, wakiwamo DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Mkulima aliyejenga matuta na kupanda miti katika shamba lake mwenyewe alilipwa. Kanuni iliyo nyuma ya jambo hilo ni ya haki tupu: anayekunywa maji amsaidie anayeyalinda. Sisi hatuna Dar es Salaam chini ya makorongo yetu. Tuna shule, zahanati, zizi la jirani na kisima cha mchangani. Watumiaji hao hawana fedha nyingi, ila wana mikono, samadi, miche na muda.

Ipo hofu moja ambayo haisemwi mikutanoni, lakini husemwa ofisini kwa paroko. Watu wanaogopa kwamba wakiacha miti irudi, siku moja atakuja mtu mwenye ramani na kusema hapa ni hifadhi, tokeni. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Nchini Niger, kwa miongo mingi, sheria zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni zilihesabu miti kuwa mali ya serikali, na mkulima aliing'oa ingali michanga ili asije akasumbuliwa. Kuanzia miaka ya 1980, wakulima walipoanza kuilea na kuihesabu kuwa yao, miti ilirudi katika hekta zipatazo milioni 5. Kwa sababu hiyo nashauri kila familia inayokubali kuacha ukingo iandikiwe na kijiji: ukingo huu ni wa fulani, miti inayoota ni yake, kijiji kinatambua kwamba ameuacha kwa faida ya wote. Halmashauri ya Kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Karatasi moja yenye mhuri itaotesha miti mingi kuliko semina tatu.

Wajane wako katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa shamba lisilolimwa huonekana kwa shemeji kama shamba lisilo na mwenyewe. Kwao karatasi hiyo ni ya lazima kabla ya jambo jingine lolote.

Kuhusu kazi yenyewe nitasema kwa kifupi, kwani mabwana shamba wapo na wanajua kunishinda. Mara nyingi hakuna haja ya kununua miche. Chini ya shamba lililolimwa miaka mingi visiki vingi bado vi hai. Vinachipua kila mwaka na kila mwaka tunavifyeka. Mkulima akichagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, akapunguza mengine na kuyawekea alama yasilishwe, atapata mti wenye mizizi ya zamani usioogopa kiangazi. Wenzetu wa Dodoma wanaiita njia hii Kisiki Hai, na shirika la LEAD Foundation limeieneza huko kijiji kwa kijiji. Mahali ambapo visiki vimekwisha, mkuyu hukubali kupandwa kwa kipande cha tawi. Mikaratusi tuiache mbali na maji. Mifugo iachiwe njia moja ya kunywa, iliyopangwa na kuwekewa mawe, maana ukingo uliofungwa kabisa utavunjwa usiku. Na korongo linatibiwa kuanzia juu: matuta na makinga maji katika mashamba ya mlimani ni sehemu ya kazi ya ukingo, hata kama mwenye shamba la mlimani hajawahi kukiona kijito.

Nimeutaja mkuyu. Mti aliopanda Zakayo pale Yeriko ni huuhuu wa makorongo yetu. Wataalamu wa mimea wanauita kwa jina lilelile moja. Zakayo aliposhuka kutoka mtini aliahidi kurudisha mara nne kile alichokuwa amemdhulumu mtu, bila mgambo wala faini. Teolojia ya maadili inafundisha kwamba toba ya kweli hudai kurudisha kilichochukuliwa. Basi tuulize kwa unyofu: katika kijito hiki, nani alichukua? Aliyelima ukingo alichukua. Lakini aliyechoma mkaa naye alichukua, na aliyeununua mjini, na aliyejenga nyumba ya matofali kwa mchanga uliozolewa na lori. Makanisa yetu yamejengwa kwa mchanga huohuo. Deni likiwa la wengi hivi, si haki kumwachia alipe mwenye ekari 4 peke yake.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa waamini ni hili. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zilizo kando ya kijito kimoja zikutane kama watu wa maji mamoja, pamoja na majirani Waislamu, Walutheri na wengine wote, kwani kijito hakiulizi dini. Wazihesabu familia zinazopoteza ardhi kwa kuacha ukingo. Kisha wale wasiopoteza wabebe sehemu yao: siku za kazi za kuchimba matuta katika ekari zinazobaki, samadi kutoka mazizi yenye ng'ombe wengi, mizinga ya nyuki ya kutundika ukingoni, na haki ya mwenye ukingo kukata majani ya mifugo yake kwa mikono. Nyuki na majani ya kukatwa havimomonyoi ukingo, ingawa ni vema kupata kwanza ridhaa ya ofisa mazingira wa wilaya ili mtu asije akaadhibiwa kwa wema. Ekari 2 zenye samadi na matuta zinaweza kumkaribia, baada ya misimu michache, kwa mavuno ya zile 4 za zamani. Msimu wa kwanza hazitamkaribia, na hapo ndipo jumuiya inahitajika zaidi: gunia la mahindi au mtama lililotolewa mwaka huo ni sehemu halali ya gharama ya maji, si sadaka ya kumhurumia mtu.

Na tuanze kwetu. Jimbo letu liliundwa tarehe 25 Machi 1972, lakini misioni zake kadhaa ni za zamani kuliko jimbo, na waliozianzisha walijali kuwa karibu na maji. Parokia, shule na vituo vyenye mashamba yanayopakana na makorongo vinapaswa kuacha mita zake 60 kabla ya kumwomba mkulima yeyote aache zake. Halmashauri ya Walei inaweza kuomba taarifa ya jambo hili katika kikao chake kijacho, kama inavyoomba taarifa ya michango. Paroko ambaye bustani yake ya mboga inafika mchangani hana sauti katika suala hili, hata akihubiri vizuri namna gani.

Linabaki suala la mashamba ya kukodi, na sioni kwamba limepata uangalifu linaostahili. Bustani nyingi za ukingoni hulimwa na watu wasio wenyeji wa shamba. Mwenye shamba anaishi mjini, mpangaji anataka faida ya msimu mmoja, na kwa desturi zetu mpangaji haruhusiwi kupanda mti, maana mti ni dalili ya kumiliki. Kati ya hao wawili hakuna mwenye sababu ya kuutunza ukingo. Mikataba ya msimu ujao inaandikwa sasa, mingine kwa kalamu mbele ya mjumbe, mingine kwa maneno tu. Wenye mashamba ambao ni waamini wetu wanaweza kuongeza humo mambo mawili: kwamba jembe litakoma kwenye mstari wa mawe utakaopangwa pamoja na kijiji, na kwamba kodi itapunguzwa kwa kadiri ya ardhi iliyoachwa. La pili ndilo litakalowauma, na bila hilo la kwanza halitafuatwa. Wenyeviti wa jumuiya watakaopenda kupata mfano wa maandishi ya mkataba wa namna hiyo waulize ofisi ya parokia kabla ya Dominika ya kwanza ya Majilio. Baada ya hapo mvua zitakuwa zimekaribia na majembe yatakuwa yameshaingia shambani.